Bandikuti wa Mijini: Wameponea Wapi, na kwa Muda Gani?

Mvua zinapolainisha udongo, wakazi wa vitongoji vya Perth, Sydney na Melbourne huamka na kukuta nyasi za bustani zimetobolewatobolewa. Vishimo ni vidogo, vipana juu na vyembamba chini, kila kimoja kinatosha pua ya mnyama na si zaidi. Mwenye nyumba akilalamika halmashauri, huambiwa mambo mawili yasiyoelekea kupatana: kwamba mchimbaji huyo ni bandikuti, mnyama anayelindwa na sheria, na kwamba jamaa zake kadhaa wamo katika hatari ya kutoweka. Naye hujiuliza, na ana haki ya kujiuliza: anatowekaje mnyama anayenilimia bustani kila usiku?

Mkanganyiko hauishii kwenye nyasi. Wapo wanaosema bandikuti ndiye anayeleta kupe. Wapo wanaotaka wakamatwe wote wapelekwe porini. Wengine wanaamini dawa ni uzio na uzio tu, na wengine wanasema waachwe, kwani wameishi na walowezi tangu 1788 na hadi leo wapo. Hakuna upande unaozungumza upuuzi mtupu. Shida ni kwamba kila upande umeshika kipindi kimoja cha maisha ya mnyama huyu na kukifanya ndiyo maisha yote.

Mnyama mwenyewe

Bandikuti ni mamalia wa Australia na New Guinea, na kama kangaruu, hubeba watoto mfukoni. Msomaji wa Afrika Mashariki asimfananishe na panya buku, ambaye mifuko yake iko mashavuni na ni ya kubebea chakula. Bandikuti si panya kabisa, wala hana undugu na wale panya wakubwa wa India wanaoitwa kwa jina hilohilo. Ukitaka kumpata akilini, mfikirie sungura mdogo aliyebandikwa pua ya sengi. Spishi zilizo hai ni takribani 20. Nyingine zilikwisha kupotea katika karne ya 20, akiwemo bandikuti wa jangwani na yule mwenye kwato kama za nguruwe.

Mfuko wa jike hufunguka kwa nyuma, ili anapochimba asiwamwagie watoto mchanga. Hufukua kwa kucha za mbele, hutumbukiza pua, hutoa funza wa mbawakawa, minyoo, mizizi laini na kuvu waotao chini ya ardhi. Kazi hiyo si ndogo. Utafiti ulioongozwa na Leonie Valentine katika eneo la Perth, uliochapishwa 2013, ulikadiria kuwa bandikuti mmoja huchimba vishimo 45 kwa siku na kupindua karibu tani 3.9 za udongo kwa mwaka. Maji ya mvua hupenya vizuri zaidi palipochimbwa, majani makavu huzikwa na kuoza, mbegu za kuvu husambazwa. Mwenye bustani anayemlaani kwa kuharibu nyasi angefaa pia kuhesabu funza waliotolewa, maana funza haohao ndio wanaokata mizizi ya nyasi zake.

Uzazi wake ndio ufunguo wa mengi yanayofuata. Mimba ya bandikuti mwenye pua ndefu hudumu siku 12 na nusu hivi, miongoni mwa mimba fupi kuliko zote kwa mamalia. Watoto, kwa kawaida wawili hadi wanne, hukaa mfukoni siku hamsini na kitu, na wanapokaribia kuachishwa ziwa wadogo zao huwa tayari kushika nafasi. Jike huanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka. Lakini maisha yenyewe ni mafupi: miaka miwili, mitatu, akibahatika minne. Tena wazima huishi kila mmoja peke yake, kwenye eneo la hekta chache, wala hawapendi kuingiliana. Kijana akishaachishwa ziwa hana budi kuondoka akatafute pake.

Porini, kuondoka huko ni hatari ya kawaida. Mjini ni kuvuka barabara, kupita kwenye baraza za paka na kujipenyeza chini ya ua wa nyumba ambayo huenda ina mbwa. Hapo ndipo macho ya mwenye nyumba yanapomdanganya. Anayemwona kila usiku ni mzima mwenye eneo lake, yaani yule aliyekwisha kushinda. Watoto wake wa mwaka huo hawaonekani, na kudumu kwa kundi kunategemea wao. Kitongoji kinaweza kuonekana kimejaa bandikuti huku hakitoi hata kijana mmoja anayefika mahali papya, kwa sababu kila nafasi inayoachwa wazi hujazwa na mgeni kutoka pori la jirani. Pori hilo likifyekwa, wenye maeneo wakizeeka na kufa, katika miaka miwili au mitatu bustani zinakuwa tupu na watu wanasema juzi tu walikuwepo.

Kila jiji na bandikuti wake

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na kuwatia wote kapu moja. Brisbane ina bandikuti wa kahawia wa kaskazini, ambaye bado ni wa kawaida. Perth ina quenda, jina la Wanoongar, wenyeji wa asili wa kusini magharibi. Kwa miaka mingi alihesabiwa kama tawi la bandikuti wa kahawia wa kusini, mpaka 2018 wanasayansi walipomtenga kuwa spishi yake. Yeye hufuatiliwa kwa karibu, ila hajawekwa miongoni mwa walio hatarini kabisa. Nduguye wa mashariki, anayepatikana pembezoni mwa Melbourne na Adelaide na kaskazini mwa Sydney, yuko kwenye orodha ya taifa ya walio hatarini kutoweka tangu 2001.

Sydney ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Bandikuti mwenye pua ndefu si adimu mashariki mwa Australia kwa ujumla. Hata hivyo makundi yake mawili, lile la rasi ya North Head karibu na Manly na lile la vitongoji vya ndani vya magharibi, yameorodheshwa na jimbo la New South Wales kuwa makundi yaliyo hatarini. Mnyama yuleyule kilomita chache nje ya mipaka hiyo hana hadhi hiyo. Kisheria jambo hili lina mantiki, kwani sheria inalinda kundi lililokatwa na wenzake. Kwa mkazi wa kawaida linafanana na mzaha.

Nao walinzi wa sheria wanastahili kulaumiwa kidogo. Matangazo mengi humwita bandikuti “adimu” bila kusema ni yupi na wapi, kisha wanashangaa watu wanapoacha kuwaamini.

Mahali pasipopendeza

Jambo linalofundisha zaidi katika suala hili lilitokea Hamilton, mji mdogo magharibi mwa Victoria. Bandikuti mwenye mistari wa mashariki aliwahi kuenea kwenye mbuga za nyasi za eneo hilo, juu ya udongo wa volkano. Mbuga zikageuzwa malisho ya kondoo na mashamba, na mbweha mwekundu, aliyeletwa na walowezi katika karne ya 19 ili wapate mnyama wa kuwinda kwa starehe, akamaliza kilichobaki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wale wa mwisho wa bara walikuwa Hamilton, na maficho yao mashuhuri hayakuwa hifadhi wala bustani ya mimea. Yalikuwa dampo la mji, kwenye magari mabovu.

Ukilifikiria, lina sababu. Bodi ya gari iliyozama kwenye nyasi ina matundu anayopita bandikuti na asiyopita mbweha. Mbweha anaweza kufukua shimo la udongo, lakini hawezi kufukua chini ya injini. Pembeni kuna nyasi ndefu zenye wadudu, na hakuna mtu anayekuja kuzifyeka. Kutokana na masalia hayo, mradi wa kuwazalisha kizuizini ulianza 1988. Miaka zaidi ya 30 baadaye, 2021, jimbo la Victoria lilimhamisha mnyama huyo kutoka daraja la “ametoweka porini” hadi “yuko hatarini”, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa spishi nyingine yoyote ya Australia. Daraja hilo jipya lilipatikana kwa maeneo yenye uzio na kwa visiwa, hasa Phillip Island, kilichotangazwa 2017 kuwa hakina tena mbweha.

Hamilton si kisa cha pekee. Kusini mashariki mwa Melbourne, palipokuwa kinamasi kikubwa cha Koo Wee Rup kabla hakijakaushwa kwa kilimo, bandikuti wa kahawia wa kusini wanaishi kwenye kingo za mifereji, kandokando ya reli na barabara, ndani ya vichaka vya beri nyeusi vyenye miba. Sarah Maclagan na wenzake wa Chuo Kikuu cha Deakin walichapisha 2018 matokeo yaliyowashangaza wahifadhi: maeneo haya yaliyotengenezwa na binadamu hayakuwa makimbilio ya wasio na pa kwenda, kwani wingi wa wanyama humo ulizidi ule wa mabaki ya uoto wa asili. Katika vitongoji vya kale vya Sydney, bandikuti mwenye pua ndefu hujificha chini ya sakafu za nyumba zilizoinuliwa na ndani ya lantana, kichaka kilekile kinachowasumbua wafugaji wa Kenya na Tanzania.

Kwa hiyo hoja ya wanaosema bandikuti “amezoea mji” ina ukweli ndani yake, ila wanaielekeza siko. Hajazoea mji kwa maana ya kuupenda. Amepata sehemu za mji ambazo mji wenyewe umezisahau, zenye maficho mazito yanayogusa ardhi, udongo laini wenye wadudu, na mkono wa mfyekaji usiofika. Vitu hivyo vitatu vikikutana, hajali kama mmea ni wa asili au wa kigeni. Kikipungua kimoja, hasa maficho, hata msitu wa asili unaopendeza kwenye picha haumfai.

Hapo ndipo penye ugumu. Beri nyeusi na lantana zote zimo kwenye orodha ya taifa ya magugu mabaya zaidi ya Australia, na wenye ardhi wanatakiwa kuyadhibiti. Mkulima anayetii sheria ya magugu anaweza, kwa asubuhi moja ya trekta, kuondoa makazi ya mnyama anayelindwa na sheria nyingine. Wapo wanaodai magugu yaachwe. Udhaifu wa hoja yao ni kwamba beri nyeusi haibaki ilipo. Husambaa, huua mimea mingine, na hukamata moto. Wapo wanaodai yang'olewe yote na kupandwa miti ya asili. Hao wanasahau kwamba kichaka cha kupandwa huchukua miaka kadhaa kabla hakijagusana na ardhi kiasi cha kumzuia mbweha, na bandikuti hana miaka hiyo. Njia inayofanya kazi inajulikana: kupanda kwanza, kisha kung'oa kwa mafungu madogo, kila fungu likisubiri jipya likomae. Ni ghali kidogo na ni ya polepole sana, ndiyo maana mipango mingi ya usafi wa mifereji haiifuati.

Hoja ya kupe

Hofu ya kupe haipaswi kubezwa. Kupe wa kupooza wa pwani ya mashariki ana sumu inayoweza kuua mbwa na paka, na kila mwaka madaktari wa mifugo wa pwani hiyo hupokea wanyama wengi waliolegea miguu. Sheryl van Nunen, daktari wa mzio wa Sydney, pamoja na wenzake walieleza mwaka 2009 uhusiano kati ya kuumwa na kupe hawa na mzio wa nyama nyekundu, maradhi ambayo sasa yanajulikana katika nchi nyingi. Mtu aliyewahi kukimbizwa hospitali baada ya kula nyama hana haja ya kuambiwa apende wanyama.

Ni kweli pia kwamba bandikuti hubeba kupe wengi, na kwamba amekaa na kupe huyu muda mrefu kiasi cha kutodhurika sana na sumu yake. Kutokana na ukweli huo watu huruka hadi hitimisho kwamba kumwondoa bandikuti ni kuondoa kupe. Hapo hoja inakatika. Kupe anahitaji damu mara tatu maishani, akiwa mdogo kabisa, akiwa kijana na akiwa jike mzima, na hachagui sana. Posamu wanambeba, panya wanambeba, mbwa na paka wanambeba. Kisha idadi yake hutegemea sana unyevu: majani mazito yaliyorundikana, kivuli, msimu wenye mvua. Bustani isiyo na bandikuti hata mmoja lakini yenye panya na majani mabichi yaliyooza ina kila kitu anachotaka kupe.

Kuna jambo lingine linalopaswa kupima hofu hii. Kupe wa kupooza hayupo Perth, jiji ambalo huenda ndilo wakazi wake wanaishi karibu zaidi na bandikuti. Hata hivyo malalamiko kuhusu “wanyama wa kupe” yamefika huko. Hofu imesafiri hadi mahali ambapo mdudu mwenyewe hakufika.

Kinachofaa kwa mkazi wa pwani ya mashariki ni cha kawaida: kuvaa suruali ndefu anapopalilia, kumkagua mbwa kila siku na kumpa dawa ya kinga, kupunguza majani karibu na mlango na kuacha kichaka mbali na nyumba. Kuhusu kupe aliyekwisha kung'ata, madaktari wa mzio wa Australia wanashauri auawe palepale alipo kwa dawa ya kumgandisha badala ya kubanwa kwa kibanio, kwani kumminya humfanya ateme zaidi.

Uzio, ngome, njia

Wanaotetea uzio wana ushahidi mzuri kuliko wote. Bandikuti mwenye mistari alirudishwa kwa uzio na kwa bahari. Karibu na Cranbourne, takriban kilomita 45 kusini mashariki mwa Melbourne, bustani ya kifalme ya mimea imezungushiwa uzio wa kuzuia mbweha, na ndani yake bandikuti wa kahawia wa kusini wameendelea kustawi huku nje vitongoji vikijaa. Uzio humpa mnyama muda, na mara nyingine muda ndio kitu pekee kinachohitajika.

Lakini uzio una gharama mbili zinazotajwa kwa sauti ya chini. Ya kwanza ni matengenezo yasiyokwisha. Woodlands, hifadhi iliyo karibu na uwanja wa ndege wa Melbourne, iliwahi kupoteza bandikuti wake wenye mistari, na ilibidi uzio uboreshwe kabla hawajarudishwa 2013. Ya pili ni vijana wale wale tuliowataja. Uzio unaomzuia mbweha asiingie humzuia pia kijana asitoke. Ndani, wanyama hujazana, huzaana ndugu kwa ndugu, na vizazi vinavyokua bila kumwona adui husahau kumwogopa. Kuna nyua zinazowekewa matundu madogo ya kumpitisha bandikuti peke yake, wazo zuri kama kweli nje ya tundu kuna mahali pa kufika. Tundu linalofunguka kwenye barabara ya njia nne haliwi njia ya kutokea.

Kuhamisha wanyama nako kunapendwa, hasa na wajenzi. Huko Perth ni jambo la kawaida quenda kutegwa kwenye vizimba kabla trekta halijaingia, kisha kupelekwa hifadhini. Anayehamishwa hapondwi, na hilo si dogo. Aidha, kuhamisha kuliwahi kufaulu vizuri mahali ambapo mbweha walikuwa wamepunguzwa kwanza: quenda walianzishwa upya katika hifadhi kama Tutanning na Julimar, na 2016 bandikuti wa kahawia wa kusini walirudishwa Booderee, pwani ya kusini mwa Sydney, baada ya miaka ya kuwadhibiti mbweha. Tofauti iko kwenye neno “kwanza”. Mnyama anayehamishwa kwa sababu ratiba ya ujenzi imefika hupelekwa popote penye nafasi kwenye ramani, na mahali penye bandikuti wengine hapana nafasi hata kama ramani inaonyesha kijani. Kumhamisha huko ni kumkabidhi kwa mwenye eneo amfukuze.

Shoroba na vivuko vya chini ya barabara vinajibu tatizo la vijana moja kwa moja, na kwa mantiki hiyo ndivyo vingepaswa kuwa vya kwanza. Ila ushoroba mwembamba ni ukingo mtupu usio na kati, na mbweha hupenda kutembea kwenye ukingo. Kivuko kisicho na magogo na vichaka ndani yake kinaweza kumfundisha paka mahali pa kusubiri. Upana na maficho ndivyo vinavyoamua, navyo ni ardhi, na ardhi ya pembezoni mwa Melbourne au Perth huuzwa kwa bei ya viwanja vya nyumba.

Kuhusu sumu ya mbweha, Australia Magharibi ina bahati ya pekee. Kemikali inayotumika kwenye chambo, inayojulikana kama 1080, ipo kiasili kwenye baadhi ya mimea ya huko, na wanyama wengi wa asili wanaistahimili kuliko mbweha na mbwa. Mpango wa Western Shield, ulioanzishwa 1996, umejengwa juu ya bahati hiyo. Mjini bahati inakwisha: penye mbwa wa watu huwezi kutawanya chambo kinachomuua mbwa. Ndiyo sababu mbweha wa mjini, anayekula mabaki kwenye mapipa ya taka, yuko salama zaidi kuliko mbweha wa msituni.

Paka, mbwa na haki ya kufuga

Kati ya mijadala yote, huu ndio wenye moto. Kuna utafiti mmoja unaostahili kutajwa na kila anayeuzungumzia. Mwaka 2012, Alexandra Carthey na Peter Banks walionyesha kwamba bandikuti wa Sydney hutembelea kwa nadra zaidi bustani zenye mbwa, lakini hawajali kama nyumba ina paka. Maelezo yao ni kwamba mbwa wa asili, dingo, amekuwa Australia bara kwa maelfu ya miaka, na bandikuti wamejifunza harufu yake. Paka ana karne mbili na ushee tu. Utafiti wa 2016 huko Tasmania, kisiwa ambacho dingo hakuwahi kufika, ulikuta bandikuti wa huko hawaepuki mbwa.

Jambo hili lina pande mbili. Mbwa anamuua bandikuti akimpata, ila bandikuti wa bara humkwepa. Paka hakwepwi. Zaidi ya kuua, paka hueneza vimelea vya toksoplazma kupitia kinyesi chake, na vimelea hivyo vimewaua bandikuti wenye mistari huko Tasmania, kwenye bustani za Hobart ambako mbweha si tatizo kabisa. Bandikuti anayepona makucha anaweza kufa kwa udongo anaouchimba.

Wafugaji wa paka hujibu kwamba paka wao hashindi njaa, hana haja ya kuwinda. Hoja hii ni dhaifu: paka aliyeshiba huwinda vilevile. Hoja yao iliyo na uzito zaidi ni nyingine, kwamba kuwafungia paka wa nyumbani hakumzuii paka mwitu, na kwamba Phillip Island bandikuti wameongezeka ingawa paka mwitu hawajaisha. Ni kweli. Lakini kwenye kisiwa hicho paka ni wachache kwa kilomita ya mraba, na maficho ni mengi. Kitongoji chenye paka nyumba kwa nyumba ni hesabu tofauti. Eneo la Mji Mkuu, Canberra, limeamua: paka aliyezaliwa tangu Julai 1, 2022 hatakiwi kuzurura nje ya nyumba ya mwenyewe. Sheria hiyo haimnyang'anyi mtu paka aliye naye. Inasubiri kizazi cha paka kipite. Kisiasa ni busara. Kwa bandikuti anayeishi miaka mitatu, paka anayeishi miaka kumi na tano ni kizazi kirefu mno.

Mizani

Ukiyaweka yote pamoja, mpangilio unaojitokeza hauko kama unavyosikika mara nyingi hadharani. Nyua zinastahili heshima kama benki ya akiba, na kwa bandikuti mwenye mistari ziliokoa kundi la bara. Haziwezi kuwa jibu la vitongoji, kwani huzaa wanyama wasio na pa kwenda. Kuhamisha kufanyike pale tu ambapo mahali pa kupokea pameandaliwa kabla. Vinginevyo ni kumsafishia mjenzi dhamiri. Hofu ya kupe ishughulikiwe kama suala la afya ya bustani na ya wanyama wa kufugwa, si kama mashtaka dhidi ya mnyama mmoja. Sheria za paka zina thamani, na zinafaa kuanza mapema kwa sababu matunda yake huchelewa.

Kinachobaki juu ya orodha ni maficho ya chini, yale ya magugu, mifereji na kingo za reli, pamoja na kinachoyaunganisha. Ni rahisi kuliko uzio na kuliko kuhamisha. Pia ni vigumu kukitetea hadharani, kwa sababu hakuna meya anayekata utepe mbele ya kichaka cha miba. Kwa mwenye nyumba maana yake ni kuacha pembe moja ya bustani isifyekwe, kuacha nafasi chini ya ua, kufukia vishimo asubuhi kwa mguu na kuendelea na kazi zake, na kutowawekea wanyama chakula, kwani chakula cha bure huwakusanya pamoja pale paka anapojua kuwakuta.

Kwa serikali kuna mambo mawili. Victoria inawatoza wajenzi wa pembezoni mwa Melbourne ada ya mazingira kwa kila hekta, chini ya sheria ya 2020, na makazi ya bandikuti wa kahawia wa kusini ni miongoni mwa vitu vinavyohesabiwa. Ada hiyo inaweza kununua ardhi, chambo cha mbweha na watu wa kufuatilia. Haimgusi mkandarasi aliyeshinda zabuni ya kufyeka mfereji mwezi Oktoba, wakati vijana wa mwaka huo wanatoka mfukoni kutafuta pa kukaa. Tarehe ya zabuni hiyo hupangwa na idara ya maji, kwa kuangalia mafuriko, na ni haki yake kuyaangalia. Kuisogeza hadi Machi kusingegharimu karibu chochote, kama idara hiyo na ile ya mazingira zingekaa meza moja.